Leso Mkononi mwa Mume

Tuktuk ilipinduka Kisauni, Mombasa, jioni, watu wametoka kazini. Mama mmoja alichanika paja, damu inamwagika, buibui limelowa chepechepe. Mwenzangu, mhudumu wa dharura kama mimi, alipotoa mkasi, mume wa yule mama akamdaka mkono. "Usimfunue mke wangu!"

Mwenzangu hakubishana. Aliokota leso ya mama, yaani kanga, iliyoanguka, akampa. "Kaka, tukingie watu na hii. Nakata hapa penye jeraha tu, basi." Mume akaitanda leso kama pazia. Jeraha likabanwa.

Miezi michache kabla ya hapo nilihudhuria mafunzo ya maadili ya tiba ya Kiislamu kwa wahudumu wa dharura. Siku nzima ustadhi yuko mbele, sisi nyuma tunasinzia. Tulikariri malengo matano ya sheria: kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tukapewa cheti na soda. Hakuna aliyetuuliza utafanya nini ukidakwa mkono.

Sisemi elimu ile haina kazi. Mwenzangu, ambaye madrasa aliiacha utotoni, alitumia kanuni mbili za fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, papo hapo. Ya kwanza kila mtu anaijua: dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Ya pili ndiyo tunayoisahau: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Ruhusa ya kukata nguo inaishia jeraha linapoishia. Mume yule alilegea aliposikia neno "tu".

Kuna wanaoona haya yote ni mambo ya wazungu, mwanamume kumhudumia mwanamke asiye maharimu wake (ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa) au kinyume chake. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, amepokea kutoka kwa sahaba wa kike Rubayyi' bint Mu'awwidh kwamba wanawake walitoka na Mtume vitani, wakiwanywesha watu maji na kuwarudisha majeruhi Madina. Majeruhi hao ni wanaume, tena. Mimi nikiisoma hadithi hiyo naona machela.

Lakini nina woga wangu. Mhudumu akishajazwa aya na hadithi anaweza kujiona mufti wa barabarani. Abu Dawud, mkusanyaji mwingine wa hadithi, anasimulia habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya kuswali. Akauliza wenzake kama anaweza kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari alisema, "Wamemuua." Akaongeza kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Ningekuwa mwalimu, ningeanza na hadithi hii kabla ya malengo matano.

Na mgonjwa si lazima awe Mwislamu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, haikutaja dini. Shahidi wa Yehova akiwa na kadi ya kukataa kuongezewa damu mfukoni, kadi hiyo ifike hospitalini pamoja naye, hata kama kwako haiingii akilini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga mafunzo haya: punguzeni hotuba, wekeni igizo. Mmoja alale sakafuni na buibui, mwingine awe mume mkali, wa tatu awe mama mkwe anayepiga kelele, na muuguzi ashike saa. Ustadhi naye asikae kwenye kiti. Avae glovu, apige magoti, apewe mkasi.