Wosia wa Baiskeli

Nilikuwa mzima wa afya, alhamdulillahi, mpaka siku niliponunua daftari la kuandikia wosia.

Jirani yetu hapa Makorora amefariki. Arobaini haijasomwa, wanawe washagombania friji mpaka mmoja kaondoka na mlango, mwingine kabaki na boksi. Nikasema mimi yasinikute. Mtume (S.A.W.) katuhimiza, mwenye cha kuusia asilale siku mbili wosia wake haujaandikwa. Mimi nimelala miaka 63.

Nikakaa barazani na daftari langu. Mke wangu akapita na ufagio, akasimama.

"Daktari kakwambiaje?"

"Daktari gani?"

"Usinifiche, Baba Watoto."

Kabla ya adhuhuri dada yangu wa Pangani kapiga simu analia. Jioni shangazi yake mke wangu kaingia na mkeka kwapani, eti aja kututazama siku mbili tatu. Leo ya kumi. Mgonjwa mzima, unga ndio mahututi.

Na mali yenyewe sasa! Nyumba ya vyumba vinne, bati la mbele jipya, la nyuma ukilala wahesabu nyota. Minazi 11 kule Tongoni, na shamba si langu, minazi tu ndiyo yangu. Redio. Na baiskeli yangu ya Phoenix, ambayo kwa mtu wa Tanga hiyo si mali, ni kiungo cha mwili.

Nikaenda kwa sheikh, Ngamiani, na hasira zangu. Nina kijana yuko Dar, hanipigii simu ila kodi ya chumba ikimbana. Nikasema huyu aandikwe redio, basi, tena bila betri. Sheikh akacheka hadi kofia ikaenda upande. "Mzee wangu, hakuna wosia kwa mrithi. Hao Mungu keshawagawia. Wewe wausia wasiorithi, na usizidishe theluthi." Kumbe nimenunua daftari la kurasa 96 kwa ajili ya minazi mitatu na makuti!

Kosa langu ni kurudi nyumbani nikaeleza. Mke wangu akauliza fungu lake. Nikamwambia kwa kuwa tuna watoto, lako thumuni.

"Sumni? Miaka 34 nakukunia nazi, leo wanipa sumni? Sumni hata muuza mbaazi haipokei!"

Nikafafanua kwamba ni moja ya nane ya mali yote, si ile hela ya senti 50. Hakusikia. Tangu siku hiyo nikiomba chai naletewa thumuni ya kikombe.

Nikabaki na mashahidi. Nimeambiwa anayejua kusoma na kuandika wawili wamtosha, asiyejua ni wanne, na wasiwe wenye kufaidika na wosia wenyewe. Ukimaliza waweza kuupeleka RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wakutunzie. Rahisi, eh? Nikamfuata mwenzangu wa kahawa. "Njoo unitilie sahihi, huna fungu humo." Akaweka kikombe chini, kashata akairudisha sahanini. "Kwa hiyo huniachii kitu? Na bao zote nilizojifungisha makusudi ufurahi?" Wa pili akasema hawezi kuwa shahidi, roho yake iko kwenye minazi.

Ijumaa kijana wa Dar akatokea. Hakuniuliza hali. Shikamoo aliitoa kachuchumaa kwenye baiskeli, anazungusha pedali, anabonyeza tairi kama anachagua chungwa la Muheza.

"Baba, mnyororo una kutu huu. Na usipakize watu nyuma, rimu itapinda."

Jana asubuhi nataka kwenda soko la Mgandini, nakuta baiskeli ina kufuli jipya. Ufunguo anao yeye, naye kalala. Nikaenda kwa miguu, nikarudi na kapu la samaki, nachechemea, jasho linanitoka. Shangazi mtu kaniona tokea dirishani, akamvuta mke wangu kanga.

"Si nilikwambia? Huanza miguu."