Kishika nafasi hakimalizi kazi kwenye utafutaji

Ukiwa na hifadhidata ya SQLite yenye FTS5, kiendelezi chake cha kutafuta ndani ya maandishi, ukaandika WHERE makala MATCH ? (makala ni jina la jedwali) kisha ukapitisha neno ng'ombe kwenye kishika nafasi, yaani hiyo alama ya ? inayoshikilia mahali pa thamani itakayoletwa baadaye, utarudishiwa ujumbe wa kosa la sintaksia karibu na alama ya ritifaa ('). Wapo wanaokilaumu kishika nafasi kwa hilo, wakakiacha na kurudi kuunganisha vipande vya maandishi ili kupata amri ya SQL (lugha ya kuamrisha hifadhidata), jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko kosa lenyewe.

Kishika nafasi kimefanya kazi yake barabara: SQL imelipokea neno kama data, si kama amri, na hakuna atakayefuta jedwali kupitia kisanduku cha kutafutia. Hata hivyo, neno likishavuka hapo hukabidhiwa FTS5, ambayo ina lugha yake yenye AND, OR, NOT, nyota, nukta mbili na mabano. Kistari nacho kina vituko vyake, kwa kuwa anayetafuta Afro-Shirazi huambiwa kwamba hakuna safu (kolamu ya jedwali) iitwayo Shirazi, naye masikini hakuuliza habari za safu.

Tiba ninayoipendelea ni kuyaandaa maandishi ya mtumiaji kabla ya kuyapitisha: kila alama ya mtajo (") iliyomo iandikwe mara mbili, kisha kila neno lifungwe peke yake ndani ya alama za mtajo. Alama hizo zikae ndani ya thamani inayopitishwa, kwa sababu ukiandika MATCH '"?"' kiulizo kinageuka herufi ya kawaida na kishika nafasi hakipo tena. Wanaoona ni rahisi zaidi kuifuta ritifaa wanajidanganya, maana kigawa maneno cha kawaida cha FTS5 kilikwisha kuligawa ng'ombe kuwa ng na ombe wakati wa kutengeneza faharasa, hivyo anayetafuta ngombe hataambulia kitu.

PostgreSQL, hifadhidata nyingine, imelirahisisha jambo hili tangu toleo la 11 la mwaka 2018, kwa kitendakazi cha websearch_to_tsquery, ambayo hupokea lolote aliloandika mtumiaji bila kutoa kosa la sintaksia, tofauti na to_tsquery inayogoma hata kwa maneno mawili yasiyo na kiunganishi.

Ni kweli kwamba kufunga kila neno kunamnyima mtumiaji AND na OR. Mimi naona hiyo ni bei ndogo, na mtafiti anayezihitaji atengenezewe fomu yake.