Floraidi ni ya Mswaki, Si ya Mfereji

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka sita alirudi kutoka madrasa ulimi wote mwekundu kwa mabuyu, na usiku hakulala kwa jino. Asubuhi daktari wa meno alituonyesha magego mawili yaliyotoboka hadi ndani. Jioni ile, barazani kwetu Kibokoni, ami yangu aliyekuwa baharia alitueleza kwamba Marekani serikali hutia floraidi, madini yanayokinga meno, katika maji ya mfereji, na kwamba lau Mombasa nayo ingefanya hivyo, watoto wetu wasingeteseka namna hii. Kijana mmoja akamkatiza kwa kusema kuwa floraidi ni sumu ya kupumbaza watu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno yao, na naona wote wawili walikosea, ingawa kosa la ami ni dogo zaidi.

Jino huoza kwa sababu bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi hiyo huyeyusha madini ya ganda gumu la jino. Floraidi inapokuwamo katika mate husaidia madini hayo kurudi na kushikamana. Jambo hili liligunduliwa kwa njia ya mzunguko. Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari wa meno Frederick McKay aliona kwamba watu wa Colorado Springs walikuwa na meno yenye madoa ya kahawia ambayo hata hivyo hayakuwa mepesi kuoza, na mwaka 1931 ikabainika kwamba chanzo cha madoa ni floraidi iliyokuwa katika maji yao kwa asili. Watafiti wakatafuta kiwango kinacholinda meno bila kuyachafua, na tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi katika maji ya umma.

Kwa hivyo swali la sumu ni swali la kipimo. Tangu 2015 Marekani inapendekeza miligramu 0.7 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5. Mwaka 2024 watafiti wa serikali ya Marekani walihitimisha, kwa uhakika wa wastani, kwamba maji yaliyozidi 1.5 yanahusishwa na viwango vya chini vya akili (IQ) kwa watoto, lakini hawakuwa na ushahidi wa kutosha wa kusema hivyo kuhusu 0.7. Jimbo la Utah lilipiga marufuku floraidi ya mferejini mwaka 2025, na Florida ikafuata. Kijana wetu wa barazani alikuwa amesikia marufuku, kipimo hakukisikia.

Wakenya hatuhitaji kwenda Utah kujifunza habari za kuzidi. Nilisoma chuo kikuu na kijana wa Nakuru ambaye kila alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja, kwani meno yake yalikuwa na michirizi ya kahawia iliyokolea ambayo hakuna mswaki uliowahi kuiondoa. Alikuwa amekunywa maji ya visima vya Bonde la Ufa, ambako miamba ya volkano hutoa floraidi nyingi, na aliyanywa katika miaka ile meno yake ya ukubwani yalipokuwa yakijijenga ndani ya ufizi. Huko kazi ni kuipunguza, na mojawapo ya njia zinazotumika ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nchi yenye watu wa namna hiyo haiwezi kutunga sera moja ya kuongeza floraidi kila mahali. Hata wazo la kuitia katika chumvi, kama Uswisi ilivyofanya, lina shida hiyohiyo, maana chumvi inayovunwa hapa pwani huko Gongoni haiulizi inakwenda kupikiwa mchuzi wa nani.

Lakini tuseme sera iwe ya Mombasa peke yake. Maji yetu hutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, hutoka Baricho kando ya Mto Sabaki, na mengine hutoka Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hata kama kila chanzo kingefungiwa mtambo wa kupimia, mfereji wa nyumbani kwetu hukaa siku nne bila kutoa kitu, na wakati huo tunanunua maji kwa hamali anayesukuma mkokoteni wenye mitungi ya lita 20 iliyozibwa kwa vipande vya nailoni. Nilimuuliza siku moja kama maji yale ni ya mfereji au ya kisima. Akaniambia, "Ndugu yangu, onja." Nikaonja, yalikuwa na chumvi kidogo, nikalipa. Ndani ya juma moja mtoto wetu hunywa maji ya mfereji, ya kisima na ya chupa, na sioni mhandisi atakayejua amemeza floraidi kiasi gani.

Liko pia suala la joto. Wamarekani wenyewe kwa miaka mingi walipendekeza kiwango cha chini zaidi katika maeneo ya joto, kwa kuwa watu wa huko hunywa maji mengi, na hamali wa Mwembe Tayari mwezi wa Machi hanywi kama karani wa Michigan. Juu ya hayo tunakunywa chai asubuhi na jioni, na mchai ni mmea unaofyonza floraidi ardhini na kuilimbikiza katika majani yake. Mji unaouza mnadani chai ya nchi nyingi za Afrika ungepaswa kulikumbuka hilo.

Floraidi inayofaa kwetu ni ile ya dawa ya meno, ambayo hugusa jino kisha hutemwa. Dawa yenye sehemu 1,000 hadi 1,500 za floraidi kwa kila milioni inatosha: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na cha njegere kwa mkubwa wake hadi miaka sita. Uchambuzi mpana wa tafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba tangu dawa hizo zienee, faida ya kuongeza floraidi katika maji imepungua sana. Ningependa kaunti igawe miswaki na dawa hiyo katika shule za chekechea na madrasa, na serikali kuu iiondolee kodi, badala ya kununua mitambo. Mabuyu nayo yapigwe marufuku malangoni mwa shule, ingawa najua kwa kauli hii nimejitafutia uadui na wapwa zangu wote.

Jana usiku nilimsimamia yule mdogo akipiga mswaki. Alitema povu vizuri, kisha mswaki akauosha kwa kikombe cha maji ya mkokoteni, kwa sababu mfereji ulikuwa haujatoa tone tangu Jumapili.