Stika za maji zitatuua
Jamani, hizi stika za kulowekwa majini za vile vindege vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe! Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya kipimo cha 1/72 (ndogo mara 72 kuliko halisi), ncha hadi ncha ya mabawa haifiki sentimita 16, umeipaka kijani na kahawia mpaka macho yanauma. Unabandika ile alama ya duara ya jeshi la anga la Uingereza, inakauka, weupe unatokea kama magamba ya samaki. Ni hewa iliyonaswa chini, maana rangi isiyong'aa ina vinundu vidogo mno. Dawa inajulikana: vanishi ya kung'aa kwanza, stika, ndipo vanishi ya kufifisha mng'ao. Sasa karatasi ya maelekezo, inayochora kila kipande hadi antena, inashindwa nini kuandika hilo? Na vanishi yenyewe, bila shaka, haimo kwenye boksi.