Mwanafunzi wa mtandaoni naye aagwe

Juzi jioni nikiwa kwenye daladala mdogo wangu alinipigia. "Shikamoo dada. Nimepata chuo!" Nikapiga kigelegele palepale, abiria wakageuka, konda akanipa hongera. Shahada ya elimu, masomo yote kwa mtandao, mitihani ya mwisho tu ndiyo atakayokwenda kuifanyia mjini. Nikamuuliza mama amelipokeaje.

"Amefurahi sana. Anasema afadhali, maana nitakuwa nipo tu nyumbani, na dukani alikuwa hana mtu."

Nipo tu nyumbani. Simu ilikatika nikiwa na donge kooni, kwa sababu maneno hayo matatu nayajua vizuri. Ndiyo yaliyotaka kunitoa chuoni mimi.

Nilisoma hivyohivyo, nikiwa nakaa kwa shangazi. Muhula wa kwanza kulikuwa na jaribio lililofunguliwa saa 2 usiku na kufungwa saa 3. Nilikaa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, daftari mapajani, niko swali la saba kati ya ishirini. Hodi! Wageni. Shangazi akachungulia mlangoni: "Mwanangu, hebu weka hiyo simu chini, wageni hawa, bandika chai." Ningemjibu nini mtu anayenilisha na kunilaza? Mkaa ulikuwa umeshapoa. Nikapepea, nikabandika, nikaosha vikombe, nikapeleka sinia, nikasalimia mmoja mmoja kwa adabu zote. Niliporudi jikoni kioo cha simu kilikuwa kimeandika kwamba muda umekwisha. Yalikuwa yamepokelewa majibu sita.

Shangazi hakunionea. Alichokiona ni binti aliyeshika simu, na usiku ule wasichana wengi wa mtaa wetu walikuwa wameshika simu.

Sasa linganisha na kaka yetu alipokwenda chuo, kile cha kuhamia kabisa. Wiki nzima nyumba ilikuwa na shughuli. Tranka ilipakwa rangi na kuandikwa jina. Godoro likakunjwa na kufungwa kamba, ndoo mpya ikajazwa sabuni na mafuta ya kupaka, bibi akaletwa kutoka kijijini kuja kuomba dua. Alfajiri tukamsindikiza stendi ukoo mzima. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtuma kaka kitu. Maji yakikatika hakuna aliyempigia simu aje abebe ndoo, na kwenye misiba midogo ilitosha kusema "huyo yuko shule" na kila mtu akaelewa. Kule kuagwa kulimwekea uzio miaka mitatu yote.

Mimi siku yangu ya kwanza ya chuo nilifua mapazia.

Ndiyo maana orodha za maandalizi zinazozunguka kila msimu wa udahili zinanikera. Nunua kompyuta. Nunua bando. Tafuta kona yenye mtandao. Sawa, ni kweli, vyote vinahitajika. Lakini nimewaona watu wenye kompyuta nzuri na intaneti ya mwezi mzima wakiacha masomo kabla ya Krismasi, na nimemwona mama muuza mboga akimaliza stashahada kwa simu yenye ufa, kwa sababu mumewe na watoto walijua kwamba saa 3 hadi saa 5 usiku mama yuko darasani, asisemeshwe.

Na kusomea nyumbani si jambo geni kwetu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikifundisha kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kazi 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na baba yetu mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, ni zao la chuo hicho. Namkumbuka mezani na taa ya chemli, vitabu vimepangwa kushoto, karatasi kulia. Sisi watoto tulipita tukinyata. Hakuna aliyetuelekeza, meza ile ilitosha. Simu haina uwezo huo. Anayesoma juu ya katiba na anayefuatilia umbea, kwa mbali wanafanana kabisa.

Kwa hiyo nasema mwanafunzi wa mtandaoni naye aagwe. Kabla ya wiki ya kwanza akae na wazee sebuleni, na ratiba awe ameiandika kwa mkono wake, herufi kubwa. Aseme: saa hizi na hizi nitakuwa shule, nipeni ruhusa. Wazee wetu wakiombwa ruhusa rasmi wanaitoa kwa uzito na wanailinda. Ratiba ibandikwe mlangoni ambapo hata mgeni ataisoma. Awe na meza, hata ya mbao chakavu, na juu yake daftari na kitabu cha karatasi, hata kama somo lenyewe liko kwenye simu.

Mtaniambia mama yuko peke yake dukani, na ada itatoka dukani humohumo. Nakubali, ingawa kwa shingo upande. Basi asimamie duka asubuhi hadi saa 8 mchana, kisha mlango wa chumba ufungwe. Nisichokubali ni binti kuitwa mwanafunzi kwa jina huku kila saa ya siku yake ikiwa ni mali ya yeyote anayemwita.

Mengine ni madogo. Pakua maandishi mapema mtandao ukiwa mzuri, video ndizo zinazokula bando. Pasiwedi iandike pia kwenye daftari. Kundi la WhatsApp la darasa ni la kutiana moyo, tarehe za kukusanya kazi zisome mwenyewe kwenye mfumo wa chuo.

Na saa! Hili limeumiza wengi. Mfumo hauhesabu saa kama sisi. Ukisoma 23:59, hiyo ni saa 5 na dakika 59 usiku. Mwenzetu mmoja aliona Ijumaa 12:00 AM akaelewa saa 12 jioni, akaandika kazi yake bila wasiwasi Ijumaa mchana kutwa. Mlango ulikuwa umefungwa saa 6 usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Alikuwa ameandika kurasa tisa.

Agosti 2023 Kenya nayo ilikipa hati chuo kikuu huria chake kule Konza, kwa hiyo wanaosomea vyumbani mwao watazidi kuongezeka pande zote mbili za mpaka. Nyumba zetu zijue mapema.

Jumamosi nasafiri kwenda kwa mama. Nimempigia baba mdogo, naye atakuja, na bibi amesema dua ni yake, asiombe mtu mwingine. Mdogo wangu aliponiuliza aandae nini, nilimwambia apike pilau, avae nguo nzuri, aandike ratiba. Fundi amenitumia vipimo vya meza leo asubuhi: upana futi mbili, urefu futi tatu na nusu. Itaenea chini ya dirisha.