Gari la mkononi usilinunue msimu wa korosho

Shemeji yangu ana milioni 8 na nusu, na hela hiyo inamwasha. Korosho zake za Tandahimba zilienda mnada wa pili, malipo yakaingia benki, na tangu siku hiyo simu yangu haina mapumziko: picha za magari ya mkononi, yaani yaliyokwisha kutumika hapa hapa nchini, alfajiri na usiku wa manane. Mark II hii hapa, Verossa hii hapa, Brevis yenye viti vya ngozi. Zote "injini haijafunguliwa". Zote "AC kipupwe". Zote "weka mafuta uondoke". Namjibu lile lile ambalo hataki kulisikia: shemeji, tuliza hela, subiri Machi.

Anadhani nina wivu. Labda ninao kidogo, maana mimi sina mikorosho.

Lakini kila mtu Mtwara anajua kwamba kuanzia Oktoba mpaka Desemba bei ya kila kitu inapanda, kuanzia pikipiki mpaka mahari. Ikifika kwenye gari ndipo watu wanajisahau. Msimu wa 2024, mnada wa kwanza ulipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, nilikuwa nimekaa na madalali wawili Chikongola. Mkulima hajashika hata senti, wao tayari wako kwenye simu wanaongeza bei. Corolla 110 moja niliyoiona Agosti ikitafutiwa milioni 5 na laki 8 bila mteja, Novemba ikaondoka kwa milioni 7 na laki 2. Ile ile, na taa ya nyuma imebandikwa selotepu ile ile.

Machi ni habari nyingine. Januari imeshapita na ada, sare na madeni ya sikukuu. Hela ya korosho imekata, palizi inataka vibarua, na yule yule aliyenunua Novemba kwa mbwembwe anapiga simu mwenyewe, bila dalali, anauliza kama kuna mtu namfahamu. Hapo bei inaongeleka. Halafu kuna mvua. Huku kusini mvua yetu ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, Mei. Gari la Machi limeshapigwa maji miezi mitatu. Kama linavuja, zulia linanuka. Kama wipa ni pambo, utaona. Kama nyaya zina ugonjwa, taa za dashibodi zitakusimulia. Gari la Novemba limeoshwa, limepigwa polishi na kuegeshwa juani limeremete, na wewe unailipia polishi.

Haya sikuyasoma mahali. Niliyalipia. Gari langu la kwanza lilikuwa Mark II GX110, nililinunua Desemba 2023 kwa milioni 8 za mkopo wa SACCOS. Nyeupe, imeinama kidogo kwa nyuma. Muuzaji akaniambia imeshushwa, ni spoti. Wiki ya pili funguo ukaniangukia chini ya kiti cha abiria. Nikasogeza kiti, nikakuta kwenye reli zake unga wa njano, laini kama binzari. Nikaunusa. Salfa.

Kwa asiye wa huku: salfa ni dawa ya unga tunayopulizia mikorosho kuanzia kama Juni hivi, inakuja kwa mifuko ya kilo 25. Spoti yangu ilikuwa lori la shamba, na kule kuinama nyuma ni springi zilizochoka kwa magunia. Salfa ikikutana na unyevu inakula chuma, na pwani unyevu hatujawahi kuukosa. Nilipofunua zulia la buti na kutoa tairi la akiba, niliona mchanga wa uani kwangu kupitia tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200.

Injini yake, ile 1G, nisiisemee uongo. Ilikuwa tamu. Lakini silinda sita ni plagi sita, na mafuta yake ukijaza unahisi umemsaidia mwenye sheli kusomesha watoto. Mei 2024, siku chache baada ya kimbunga Hidaya, koili moja ya kuwashia plagi ikafa. Nilizunguka maduka yote ya spea ya mjini, hakuna. Nikaagiza Kariakoo. Barabara ya Dar ilikuwa imekatika Somanga, kule Kilwa, mabasi hayapiti, koili yangu imekaa kwenye ofisi ya basi imefungwa vizuri na jina langu juu. Kuku wa jirani alihamia chini ya gari.

Kwa hiyo sasa nikionyeshwa gari, siulizi linakimbia kiasi gani. Nauliza spea yake iko Mtwara au iko Dar, kilomita 560 kutoka hapa. Pita Magomeni ya hapa Mtwara kwenye gereji yoyote, tazama magari yaliyojaa pale na yale yanayotoka siku hiyo hiyo. Yanayotoka mapema ni yale ambayo fundi anayafungua huku anapiga stori na macho yako barabarani. Kwa hela ya shemeji yangu, hayo ni ya injini ya lita 1.5: Carina Ti na Corolla 110 zenye injini ya 5A, au, ukibahatika na ukajua kubembeleza, Premio au Allion ya zamani yenye 1NZ, injini ile ile iliyomo kwenye IST na Probox nyingi za mjini. 1NZ inatumia cheni, huna presha ya mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya muda. 5A inatumia mkanda, na muuzaji akikwambia "sijui ulibadilishwa lini," hesabu kwamba haujabadilishwa, toa gharama yake kwenye bei.

Kwenye Premio na Allion za toleo la kwanza, zile za 2001 mpaka 2007, kuwa macho, maana bodi ni moja lakini chini ya boneti kuna injini tatu tofauti. Ya 1.5 ndiyo niliyoitaja. Ya 1.8, 1ZZ, ina nguvu nzuri, ila zile za mwanzo zina sifa ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Jirani yangu anatembea na galoni ya oili kwenye buti kama mtu anayetembea na dawa ya pumu. Ya 2.0 ni D4, ina pampu ya presha kubwa isiyopatana na mafuta machafu. Kama safari zako ni za vijijini ambako mafuta unapimiwa kwenye chupa, hiyo iache. Na ukivutwa na Axio ya otomatiki, kumbuka gia boksi yake mara nyingi ni CVT, otomatiki ya aina yake, yenye oili yake maalumu. Fundi akiweka ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani, gia boksi itakufa, na ya kununua nyingine hauna.

Najua utaniambia kuhusu namba. Huku kwetu gari linauliziwa namba kabla ya kuuliziwa hali: "Ni namba C? Basi hapana." Herufi ya kibao inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, yaani limeteseka kwenye barabara zetu miaka mingapi, na hilo lina uzito wake. Umri wake haikuambii. Carina za mwisho zilitoka kiwandani 2001, kwa hiyo ya namba D na ya namba B zinaweza kuwa rika moja. Ile ya D ilichelewa tu kupanda meli. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Soma kadi. Nimeona watu wakiongeza milioni nzima kwa ajili ya herufi, halafu wanakosa laki 3 ya tairi.

Kuagiza Japani kwa milioni 8 na nusu sahau. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likipita miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Ndiyo maana sisi wa hela ndogo tunanunua mkononi, na ndiyo maana namchunguza zaidi muuzaji kuliko gari.

Carina ninayoendesha sasa niliipata Aprili 2025 kwa mwalimu mstaafu wa Nachingwea. Nilimpigia jana yake: "Shikamoo mzee, nakuomba kitu kimoja, kesho usiliwashe mpaka nifike." Nilipofika, kabla hata ya kukaa, niliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Mzee akacheka, akasema, "Kijana, unadhani nimelipasha kama chai?" Wengi wanalipasha, mzee wangu. Gari likishapata moto, linaficha: halitoi ule moshi wa buluu wa asubuhi unaosema linakula oili, haligongi ile dakika ya kwanza kabla oili haijapanda. Lake liliwaka mara moja, likatulia. Nikafungua mfuniko wa oili, hakuna ule utandu mweupe kama uji. Maji ya rejeta masafi. Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, maana gari lililoingia kwenye mafuriko linaoshwa kila mahali isipokuwa kipande kile cha mwisho, na tope lake linabaki hapo. Msafi. Kwenye buti, zulia la zamani, chuma kizima, na kitabu cha mahudhurio cha darasa la nne.

Rangi ilikuwa imechoka, mlango wa kushoto una mkwaruzo, redio haifanyi kazi mpaka leo. Alitaka milioni 7 na laki 2, tukamalizana milioni 6 na laki 6.

Nilikwenda na fundi wangu mwenyewe, nikamlipa 40,000 na nauli. Wiki mbili kabla nilimlipa 30,000 kutazama Corolla moja hapa hapa Shangani, akalala chini yake dakika tano, akaamka akipangusa mchanga na kuniambia, "Kaka, hii chini ni biskuti." Hiyo 30,000 ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Watu wanaona uchungu kumlipa fundi kwa gari ambalo hawakulinunua, kwa hiyo wanamwahidi "ukinipatia gari nitakuona". Fundi wa ahadi hiyo atakupatia gari tu, na mara nyingi muuzaji naye ameshamwona.

Makaratasi sitayarefusha. Kadi halisi, siyo kivuli. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela. Namba ya chesisi uisome kwenye gari lenyewe kwa macho yako. Faini za barabarani unaziangalia kwa simu kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari, kabla hujakubaliana bei. Na kuhamisha umiliki TRA ufanye wiki hiyo hiyo muuzaji akiwa bado anapokea simu zako.

Na mimi nilikuwa nimejipangia milioni 8 na nusu kama shemeji, na ile milioni 1 na laki 9 iliyobaki haikukaa. Mkanda wa taimingi, shokapu za mbele, bushi, tairi mbili, betri, bima ndogo, zikabaki kama laki 6 ambazo nimezigandisha kwa ajili ya siku mbaya. Ndiyo maana namwambia shemeji kwamba mwenye milioni 8 na nusu ananunua gari la milioni 6 na nusu. Akisikia hivyo anasonya. Anasema mkewe, dada yangu, hawezi kwenda harusini Newala kwenye Carina.

Jana amenitumia Mark X nyeusi, rimu zinang'aa, namba D, milioni 8 na laki 4, maongezi yapo. Nimemuuliza swali moja tu: mwenye nayo anaishi wapi, bara au pwani, na ana shamba? Tiki mbili za buluu, hajajibu.