Nenosiri Mara Mbili kwa Mtu Yule Yule

Kompyuta ni moja, watumiaji wawili: mimi na mdogo wangu. Yeye akimaliza, nabonyeza "badili mtumiaji", orodha ya majina inatokea, nachagua langu, naandika nenosiri, napiga Enter. Skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha jina langu linatokea tena na kisanduku kitupu chini yake. Siku ya kwanza nilidhani nimekosea herufi, nikaandika upya, polepole, kwa kidole kimoja. Kumbe sikukosea. Kompyuta ilikuwa imeshanitambua na kunikaribisha, halafu ikaniuliza mimi ni nani.

Malalamiko haya wanayo sana watumiaji wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, na kila yakizuka hugawa watu kambi mbili. Wapo wanaosema hii ni kasoro, iondolewe leo. Wapo wanaosema usalama una gharama yake, na kuandika mara mbili ni gharama ndogo kuliko kuibiwa mafaili. Kabla ya kuwaamua, tutazame swali la pili linatoka wapi.

Kubadili mtumiaji bila kufunga programu zilizo wazi si jambo geni: Windows XP ilikuja nalo mwaka 2001, Mac OS X 10.3 ikafuata 2003. Kwenye Windows, skrini ya kuingilia na skrini ya kufungia husimamiwa na sehemu ile ile ya mfumo, kwa hiyo ukishajibu umejibu. Kwenye Linux kazi hizo mara nyingi zimegawanywa kwa programu mbili, na pengine kila moja imeandikwa na watu wasiofahamiana. Skrini ya kuingilia, ile yenye orodha ya majina, huendeshwa nje ya akaunti yako. Kifunga skrini huendeshwa ndani yake. Unapomwachia mwenzako kompyuta, kifunga skrini kinakaa mlangoni pako. Ukirudi, mlinzi wa getini anakupitisha, ila wa ndani hajaambiwa chochote.

Sasa, watetezi wa kufuli wana hoja nzito ambayo walalamikaji huiruka. Kwenye Linux, mtu aliye mbele ya kibodi anaweza kubonyeza Ctrl, Alt na moja ya vitufe vya F, akahama kutoka kipindi cha mtumiaji mmoja, yaani eneo lake la kazi na programu alizofungua, kwenda cha mwingine bila kupita kabisa kwenye orodha ya majina. Kipindi changu kikiwa hakina kufuli yake, mdogo wangu anatua katikati ya barua zangu, hata kama hakukusudia. Anayesema tuzime kifunga skrini kwa kuwa mlango wa mbele unatosha amesahau kwamba nyumba hii ina mlango wa uani. Kufuli ya ndani ibaki.

Ila kufuli na swali ni vitu viwili. Anayelijua nenosiri sasa hivi atalijua pia sekunde 2 zijazo, na aliyeliiba vivyo hivyo. Swali la pili halimchuji mtu hata mmoja. Kuuliza tena baada ya muda kupita kuna maana: sudo, amri ya Linux inayokupa kwa muda mamlaka ya msimamizi, kwa mpangilio wake wa asili, hukukumbuka kwa dakika 5 kisha hukutaka ujithibitishe upya, maana ndani ya muda huo huenda umeinuka kitini. Hapa hakuna aliyeinuka. Vidole bado viko juu ya vitufe.

Tena kuna madhara ambayo watu wa kambi ya pili hawayahesabu. Hila kongwe ya kuiba nenosiri ni kumwekea mtu skrini ya kuingilia ya bandia. Anaandika, nenosiri linahifadhiwa kwa mwizi, kisha anapelekwa kwenye skrini ya kweli aandike tena. Dalili pekee anayobaki nayo ni kwamba ameulizwa mara mbili. Ndiyo kusema mfumo unaouliza mara mbili kila siku umemzoesha mtumiaji kuipuuza ile dalili ambayo ingemshtua. Mimi hapo ndipo nilipohama kambi. Zile sekunde chache hazikuwa zimenikera kiasi hicho.

Dawa ipo. Mifumo mingi ya Linux leo hutumia systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, ambayo ina huduma iitwayo logind inayojua vipindi vyote vilivyo wazi. Skrini ya kuingilia ikishamthibitisha mtu, huomba kifunga skrini chake kitumiwe ujumbe wa kufungua. GNOME, mojawapo ya mazingira ya kazi ya Linux, pamoja na GDM, skrini yake ya kuingilia, hufanya hivyo. Swali linajirudia pale kifunga skrini kinapokuwa hakisikilizi ujumbe huo.

Wanaosita husema kufuli inayomtii mtu mwingine zaidi ya nenosiri langu si kufuli tena, kwani msimamizi wa mfumo anaweza kuifungua kwa amri moja. Ni kweli anaweza. Lakini huyo tayari anaweza kuyasoma mafaili yangu nikiwa nimeingia, kwa hiyo simwoni akipata asichokuwa nacho. Na vifunga skrini vyenyewe havikufuliwa kwa chuma: Januari 2021 ilibainika kwamba watoto, kwa kubonyeza ovyo kibodi halisi na ile ya kwenye skrini, walikiangusha kifunga skrini cha Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, na kuingia ndani. Kuuliza mara mbili kusingewazuia, maana hawakujibu hata swali la kwanza.

Lipo ombi moja la nenosiri ambalo sitaki liguswe. Ukiingia kwa alama ya kidole, baadaye ghala linalotunza manenosiri yako huweza kukuomba nenosiri. Watu hulalamika kwamba wameshajithibitisha. Sawa, ila pale nenosiri ndilo ufunguo unaolifumbua ghala lililosimbwa, yaani lililogeuzwa maandishi ya siri, na kidole hakiwezi kuutoa.

Kwetu nilibadilisha kifunga skrini, nikaweka kinachosikiliza logind. Siku ya pili mdogo wangu aliingia, na kwa mazoea vidole vikaendelea bila kungoja. Alipoinua macho, nenosiri lake lote lilikuwa limeandikwa katikati ya barua aliyokuwa ameiacha wazi.